Yule Mwenye Mwavuli Si Wewe

Mtaa wa Kiwanda cha Chaki,
Nyumba yenye cherehani barazani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliye hai. U hali gani huko uliko? Kifua je, bado kinakubana hewa ikibadilika? Unakula? Usiniambie tena habari za chai na mkate, maana mtu mzima hashibi chai. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tu wazima. Mgongo wangu tu ndio unanisumbua, na huo ni wa cherehani. Dawa yake ni kuacha kazi, na kazi siiachi.

Nakuandikia kupitia ofisi ya hao wachapishaji wa kalenda wanaokutuma huku na kule. Namba yako ya simu ya mwisho nimeipiga mara nne. Anapokea baba mmoja mpole sana, ananiambia hakujui. Mara ya nne akaniuliza, "Na Mama anaendeleaje?" Ndugu yangu, imefika mahali mtu baki anamjulia hali mama yako kwa namba yako.

Nianze na jema. Mama amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia, na anaona. Anaona hadi vumbi chini ya kabati, na ameshanisema. Baya nalo lipo, na baya hilo ni langu mimi. Nimelibeba miaka miwili, leo nalitua hapa. Nisome polepole, usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Unaikumbuka picha ya kwanza uliyotuma tangu macho ya Mama yaingie ukungu? Ile ya jengo refu la mawe, lenye matao mengi chini na roshani za chuma juu. Nilimpelekea palepale kitandani. Akaisogeza hadi puani, akaipeleka mbali, akaigeuza.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Nani tena? Si Kijiti ndiye aliyetuma picha?"

"Ametuma picha ya jengo, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Jengo nilifanyie nini? Mimi nilizaa jengo?"

Unajua watu wa umri wake. Kwao mtu akisafiri na kutuma picha, anasimama mbele ya kitu, mikono ameibana, waliobaki nyumbani wamwone. Wewe unatuma kitu chenyewe. Sikuweza kumweleza. Nilimtazama usoni nikaona midomo inamtetemeka. Kwenye tao la tatu palikuwa na mtu amesimama, mdogo kama punje ya mchele. Nikamshika Mama kidole, nikakiweka pale. "Huyu hapa," nikasema.

Basi. Ni maneno mawili tu.

"Amenenepa!" akasema. Alikuwa anaona kivuli, na kivuli chenyewe kilikuwa kinene. "Kijiti wangu amenenepa! Mungu mkubwa." Siku ile alikula chakula chote, akaomba kuongezwa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ukatuma nyingine. Ile ya mvua, yenye jengo la vioo na barabara inayong'aa. Kabla sijakaa vizuri akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha mwenye mwavuli. Akafurahi kwamba umepata akili ya kununua mwavuli. Ikaja ile ya ukumbi wa stesheni, dari lake la juu mno na saa kubwa ukutani. Humo mtu alikuwa mmoja tu, tena ana fimbo. Mama akashtuka. "Mguu umemfanya nini?" Nikamwambia umeteguka kidogo kwenye ngazi, utapona. Hebu niambie, ngazi hizo nilizitoa wapi? Na ile ya daraja alfajiri, haina hata paka! Nikasema umeinama nyuma ya ukuta unafunga kamba za viatu. Mama akacheka, akasema tangu utotoni kamba za viatu ni adui yako.

Nyuma ya picha huwa unaandika saa na jua liko upande gani. Moja uliandika, "Nilingoja saa nzima watu waondoke." Nilipomsomea, Mama akauliza, "Waondoke waende wapi? Wamemkosea nini?" Hata mimi ningependa kukuuliza. Unafika kwenye mji wenye watu kama siafu, unasimama pembeni unangoja wapite wote, ndipo unapiga. Najua kalenda haitaki watu. Lakini ndugu yangu, mtu akizoea kungoja wenzake waondoke, siku akitaka wabaki atafanyaje?

Nikuambie na lililonipata mimi. Nilianza kuyatazama majengo yako kwa ajili ya uongo wangu, kutafuta nani wa kumwonyesha Mama. Baadaye nikawa nayatazama peke yangu, mchana, kitambaa kikinisubiri kwenye cherehani. Ile picha ya uani mwa majumba ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila roshani, naijua yote. Ghorofa ya nne kuna shati la mistari, kola yake imegeuzwa upande wa pili ili livaliwe tena. Hiyo ni kazi ya mkono mzuri. Ya sita kuna gauni la mtoto limeteremshwa pindo mara mbili, kwa hiyo mtoto huyo anakua na wamelipenda wasilitupe. Watoto wangu wote wawili wameolewa mbali, marehemu shemeji yako unajua mwenyewe, na mimi huku nazijua nguo za watu nisiowajua. Nikajiuliza, Kijiti vifungo vyake vikikatika anashonewa na nani?

Kila nikipiga magoti kuomba, nikifika kwenye "unisamehe," namwona yule mwenye mwavuli. Nilimwambia Mungu nitaacha. Kisha bahasha yako inafika, Mama anaijua kwa kuigusa, anajikokota hadi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Haya, nionyeshe mwanangu." Nani angeacha? Hizo ndizo zilizokuwa saa zetu nzuri kuliko zote. Tulikuwa tunakusema wewe hadi chai inapoa.

Daktari wa macho aliposema jicho linaweza kusafishwa, nilifurahi, halafu nikalikumbuka kopo la picha zako. Nilitaka kukuandikia upesi utume picha yako moja, ya uso, hata ukiwa umenuna. Sikuandika. Nilijiambia labda Mama atasahau. Mama, asahau!

Walimfungua kitambaa Jumatano moja ya mwezi uliopita, asubuhi. Akapepesa, akanitazama muda mrefu. "Hee! Na wewe umezeeka hivi bila kuniambia?" Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilicheka nikilia.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. "Niletee kopo la picha."

"Mama, daktari amekataza kulichosha jicho."

"Amekataza nisilifikiche. Kutazama hakukataza. Lete."

Akaketi barazani, penye mwanga. Alizitoa moja moja, akazipanga mapajani. Mimi nilisimama nyuma ya cherehani kana kwamba ni ukuta utakaonificha.

"Huyu mwenye mwavuli amevaa sketi," akasema.

Nikaanza kutunga uzi kwenye sindano.

"Nakuuliza. Kijiti siku hizi anavaa sketi?"

"Hapana, Mama."

"Na huyu wa fimbo ni mzee kuliko mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na mnene wangu ana ndevu hadi kifuani. Hawa ni akina nani?"

Nikapiga magoti palepale sakafuni nikamwambia yote, tangu punje ya mchele hadi kamba za viatu. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alizirudisha picha koponi kwa mpangilio, akafunika.

"Miaka miwili," akasema. "Kila asubuhi nimemwambia Mungu, mponye mwanangu mguu. Basi mzee wa watu kapona."

Nikadhani anatania, nikacheka kidogo. Hakuwa anatania.

"Na mwanangu je? Mwanangu anaumwa nini? Mimi sijui anaumwa nini. Sijui hata nimwombee nini."

Kijiti, nimesikia mengi katika umri wangu huu. Nilifiwa na mume, nikasikia maneno ya watu. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Siku mbili hakusema nami ila "leta maji" na "funga mlango." Siku ya tatu aliniita nimsugue mgongo, nikajua nimesamehewa, au naelekea kusamehewa. Lakini nyumba si ile. Chai tunakunywa ikiwa ya moto. Hatuna la kusemezana. Bahasha yako nyingine ilifika Ijumaa, ya mnara na uwanja mweupe mtupu. Mama aliitazama kwa lile jicho jipya, akasema, "Pazuri," akanirudishia. Zamani tungekutafuta humo hadi giza liingie.

Sasa sikia jambo lenyewe, ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Daktari ametoa tarehe ya jicho la kushoto, Jumanne ya tarehe 27 Agosti. Mama amekataa.

"Siendi," amesema. "Hili la kwanza limefunguka kwa watu baki. Hilo la pili simfungulii mtu mwingine. Akija mwenyewe, nitakwenda. Asipokuja, libaki hivyo hivyo."

Nimembembeleza. Nimemleta mwalimu wa kwaya amshauri, akashauriwa yeye, akaondoka zake. Nimemleta binamu yetu Mapengo, naye akaambiwa akang'oe hayo meno machache yaliyobaki kwanza. Daktari alinivuta pembeni akaniambia jicho hilo likicheleweshwa mtoto wa jicho anakuwa mgumu, na hata hilo lililopona halitoshi kumwongoza akishuka ngazi. Wiki iliyopita alikosa kidaraja cha mlangoni. Nilimdaka. Sitakuwa pale kila mara.

Najua unachokiogopa, na usinifiche maana nilikulea. Hukuwahi mazishi ya Baba. Barua yetu ilikuzungukia miji mitatu ikakukuta miezi miwili baadaye, na tangu hapo umekuwa kama mtu anayedaiwa na kaburi. Ni miaka tisa. Mama hakuwahi kukulaumu hata siku moja, naapa, na baada ya haya yote naogopa kuapa bure. Juzi nilimuuliza waziwazi. Akasema, "Baba yenu haendi popote, atamkuta. Mimi ndiye ninayekwenda." Akaendelea kuchambua mboga.

Sikuombi utume picha ya uso. Mama haitaki. Amesema picha zimemtosha, hata ukituma ya kichwa kizima atadhani nimekukata mahali nikakubandika. Kwa hiyo njoo. Waambie hao wa kalenda majengo hayataondoka, ndiyo sifa yake jengo. Kitanda chako kipo. Nimekishonea shuka jipya la rangi ya udongo, kwa sababu sijui siku hizi unapenda rangi gani.

Nilikosea kumdanganya Mama, na nakuomba radhi wewe pia, maana nilikupa mwili usio wako, mguu usio wako, hata sketi. Lakini uongo wangu ulipata nafasi kwa sababu hukuwemo. Nimelisema. Nisamehe kwa kulisema.

Mapengo anakusalimu, anauliza kama bado unamkumbuka akiwa na meno. Shangazi wa nyumba ya pili anakusalimu, na mwalimu wa kwaya, na fundi viatu wa kona ambaye amesema kamba za viatu atakupa bure maana habari zimemfikia. Wapwa zako wote wawili wanakusalimu kwa barua zao. Umsalimu na yeyote anayekupa kiti na kukuuliza umelalaje huko, kama yupo. Nimwombee kwa jina gani?

Mungu akulinde unapopanda juu ya mapaa kutafuta jua, na unaposhuka akushushe upande wa kwetu.

Kile chumba cha macho kina kiti kimoja tu mbele ya kitanda, na kitambaa hufunguliwa saa tatu asubuhi. Safari hii sitaweza kumkalisha mtu mwingine nikasema ni wewe.

Ni mimi nikupendaye bila kukuona,
Dada yako wa kwanza.