Mama, Usimpikie Mkwe Wako Wali

Durban, Afrika Kusini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishaanza utasahau. Mgongo unasemaje tangu palizi? Ndege wameanza kushukia mpunga au bado? Huku nikiona wingu zito natamani kujua kama mto Lumemo umemwagika barabarani tena, au mwaka huu umewahurumia.

Mimi ni mzima, Mama, tena mzima wa kupitiliza. Mashavu yamejaa. Kila asubuhi Festo akitoka kwenda kutengeneza majokofu ya watu, anafika kwenye ngazi, anarudi, anasema amesahau funguo. Funguo zenyewe anazo mkononi! Anataka tu kuniaga mara ya pili. Najua binti hamsimulii mama yake mambo ya mumewe, lakini furaha hii nikiikalia kimya nitapasuka.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa. Mimi nasema neno moja, Shangazi anaitikia kutoka jikoni. Jambo hili nataka ulisome peke yako kwanza, umevaa miwani, umekaa. Si jambo baya. Usishike kifua.

Mdogo wangu Anitha ameniambia uliyosema: "Mkwe ambaye hajala kwangu, huyo bado ni mgeni." Akaniambia na ya Shangazi: "Mwanaume wa kuacha wali wa hapa kwetu Idete ana jambo. Kama si dharau, ni ugonjwa." Nikajua kumbe ndiyo maana Festo akikusalimia kwenye simu unajibu "marahaba" moja kavu, halafu unasema mtandao mbaya.

Mama, Shangazi amepatia nusu. Ana jambo. Lakini si dharau, wala si ugonjwa wa kuambukiza, na hakuna aliyemroga.

Unaikumbuka siku ile baada ya harusi, ulipompakulia wali wa mpunga wako mwenyewe na paja la kuku. Akala vijiko vinne, akainuka, akaenda nyuma ya migomba. Shangazi akamfuata na maji ya kunawa, akamkuta ameinama anatema. Wewe ulikuwa mlangoni. Nilikuona uso.

Yeye asingeweza kukueleza. Mkwe atasimamaje mbele ya mama mkwe wake aanze habari za tumbo lake, wakati hata kukutazama usoni anaona haya? Mimi alinieleza tangu uchumba. Sasa nimemwomba ruhusa nikuandikie. Alifikiri sana, kisha akasema, "Andika. Lakini anza na heshima." Ndiyo maana nimeanza na shikamoo.

Festo huyu mwembamba hakuwa hivi. Picha zake za zamani ninazo, ni mtu wa kujaza mlango. Magoti yalimuuma, sukari ikaanza kupanda, na baba yake alifariki mapema kwa maradhi hayo hayo ya unene. Akaogopa. Sasa ni zaidi ya miaka kumi tangu madaktari wa huku walipomfanyia upasuaji wa matundu madogo, wakazungushia mkanda laini kama mpira sehemu ya juu ya tumbo lake la chakula. Hawakukata tumbo, hawakutoa kitu. Fikiria kibuyu: juu padogo, halafu shingo nyembamba, chini ndiyo kibuyu chenyewe. Chakula kidogo kinajaza pale juu, anajisikia ameshiba, kisha kinashuka taratibu.

Na subiri, hujasikia la ajabu! Chini ya ngozi ya tumbo lake kuna kitu kigumu kama kifungo cha koti. Ukigusa unakisikia. Kimeungwa na ule mkanda kwa mrija. Nesi anachoma sindano pale, akiongeza maji mkanda unabana, akiyapunguza unalegea. Kama mfereji wa shambani, Mama! Baba anavyofungua na kuziba kwa udongo, ndivyo wanavyomfanyia mume wangu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kupimwa. Niliuliza maswali mpaka daktari akamwambia Festo, "Mgonjwa leo ni wewe au ni mkeo?" Nikauliza na lile ulilomnong'oneza Anitha. Hapana, Mama, mkanda hauzuii watoto. Festo alikohoa mpaka nesi akamletea maji.

Pale kwenye mabenchi ya kusubiri nilizungumza na wenzake, Festo akinitafsiria. Mama mmoja alisema mkanda wake uliteleza kutoka mahali pake, ukamtesa, wakautoa, na unene wote ukarudi na nyongeza. Mzee mmoja amekaa na mkanda wake miaka mingi kuliko Festo, anasema huusahau kabisa mpaka akutane na mkate laini. Mimi nilidhani ukishafungwa umemaliza. Kumbe ni kama ndoa, kila siku unaishi nao.

Hata Festo, mkanda umemzungusha. Mwanzoni alipungua mpaka suruali zikawa zinamtoroka. Baadaye akajifunza kuudanganya mkanda, maana aiskrimu na soda hupita bila kuulizwa, akanenepa tena. Wakaubana, wakazidisha, akawa anatapika hata supu, ikabidi walegeze, kisha wabane tena taratibu. Sasa wameelewana. Nyama anaikata vipande vya punje ya haragwe, anatafuna mpaka mimi nimeosha sahani yangu, na hanywi maji katikati ya chakula. Lakini viwili vinamkataa: mkate laini na wali.

Ndiyo, Mama. Wali. Katika vyakula vyote vya dunia hii! Punje zinashikana pale kwenye shingo ya kibuyu, hasa wali wa mchele mpya unaonata. Zinakwama, kifua kinauma, mate yanajaa mdomoni, na hakuna dawa ila kwenda kutema. Siku ile alijua kabisa kitakachompata. Lakini ulimletea sahani kwa mikono yako miwili ukasimama kutazama. Akaona heri akwame kuliko kukurudishia.

Sasa sikia alichotaka kufanya. Kule kwa daktari alisema, "Nitoeni maji yote. Mavuno tunakwenda nyumbani kwa mke wangu, nataka nile sahani nzima mbele ya mama mkwe." Daktari akamjibu kwamba tumbo ni lake, inawezekana. "Lakini unakumbuka mara ya mwisho tulipoulegeza?"

Nikauliza, "Ilikuwaje?"

Festo akatazama dari. Daktari ndiye aliyenijibu: njaa ilirudi, uzito ukarudi, na sukari haikuchelewa.

Njiani tuligombana, ugomvi wetu wa kwanza wa kweli. Nilimwambia, "Festo, mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na sahani."

"Na Mama je? Atanihesabu mgeni mpaka lini?"

"Mama niachie mimi."

"Utamwambia nini? Kwamba mkwe wake hali wali? Kwa watu wa Idete?"



Tulipofika nyumbani nikafungua ule mchele ulionifungia kwenye kitenge, nilioubania kama dhahabu. Nikasema lazima kuna njia. Nikapika wali mkavu, punje mojamoja: kijiko cha pili kikagoma. Nikapika vitumbua, hivyo ndiyo usiseme. Jumapili baada ya misa nikakumbuka uji uliokuwa ukitupikia tukishikwa na malaria. Nikautwanga mchele kidogo, nikauchemsha mpaka punje zikasahau kama ziliwahi kuwa punje, nikatia tui na chumvi kidogo.

Akaweka kijiko mdomoni. Nikamkazia macho shingoni kama mtu anayetazama chelezo cha ndoano mtoni.

"Umepita?"

"Subiri, mke wangu."

"Umepita?"

"Editha, unanitisha. Umepita."

Akala cha pili. Akala cha tatu. Akamaliza bakuli, Mama, akalikwangua! Kisha akafumba macho akasema, "Kumbe mchele wa Mama unanukia hivi. Siku ile sikuusikia kwa hofu." Halafu akasema, "Mwambie Mama leo nimekula kwake."

Ndilo ninalokuomba. Maji ya mkanda yamebaki yalivyo. Tukija mavuno, wali wapikie wengine, na mimi unipakulie mlima. Festo mpikie uji wa mchele, na perege wa mchuzi aliyeiva akalainika. Najua utasema uji si chakula cha kumpa mkwe. Utie kwenye lile bakuli la maua lenye kifuniko, la wageni, umletee kwa mikono yako miwili kama siku ile. Shangazi akisema mkwe si mtoto mchanga, mwambie akaonje kwanza.

Mpe Baba pole ya shamba. Anitha mwambie asiache shule kwa ajili ya yule kijana wa bodaboda, wazuri bado wapo, mimi ni shahidi. Mzee wa dukani aliyenifungia nazi za safari msalimie sana. Katekista wetu naye. Shangazi yangu mwenye macho makali, umpe barua hii asome akishajua kunyamaza.

Na Festo akikusalimia Jumapili, Mama, mtandao usiwe mbaya.

Ni mimi mwanao,
Editha, mke wa mtu aliyekula kwako