Mama, Wanasema Umeuza Nyumba

Mama yangu wa Murara,

Mwanzoni simu yako ilikuwa ikilia bila kupokelewa. Sasa hailii kabisa. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia wazi, barua hii isomwe makanisani, ipite kutoka simu moja hadi nyingine, mpaka imfikie mtu anayejua uliko akusomee. Sitaandika jina lako wala langu. Utajua ni mimi, mshonaji wako wa vyumba viwili vya nyuma.

Unakumbuka siku tuliyofika kwako Murara? Volkano ilikuwa imekula nyumba yetu ya Munigi, na tulikuwa tunazunguka mji wa Goma na magodoro juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Komisioneri, yule mzee anayewatafutia watu nyumba, alikuwa ametuonyesha nyumba nyingi, na kila mwenye nyumba alitaka garanti, malipo ya miezi mingi mbele, ambayo hatukuwa nayo. Wewe ulitukalisha kwenye ngazi, ukaendelea kuchambua maharage, ukatuuliza tunasali wapi, nani kati yetu anakoroma, na kama cherehani yangu ina kelele. Kisha ukaanza kubishana bei. Tulibishana mchana mzima. Baba watoto alipochoka, akasema basi, tutalipa kama ulivyotaja. Ukakunja uso.

"Hapana, papa, endelea. Mutu mwenye habishane bei anaficha kitu."

Mwisho wa yote ukashusha kodi chini ya ile tuliyoiomba wenyewe, na garanti ukasema tutaileta polepole. Komisioneri alishika kichwa. Wewe ulicheka mpaka maharage yakamwagika.

Nyumba ile niliijua kupitia kwako. Ulikuja kutoka Masisi ukiwa mjane, ukaanza na mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kisha ukaweka matofali, chumba baada ya chumba, kila ulipopata mnunuzi wa ng'ombe. Sebule uliiita Gaju, kwa jina la ng'ombe uliyemuuza ukaijenga. Ulikuwa unaniambia, "Ingia Gaju, uniletee miwani," na wageni walidhani unaota. Mvua ilipopiga manjanja, yale mabati ya paa, kwa nguvu, tulikaa wote humo, watoto wangu miguuni pako, wewe ukiwasimulia habari za vilima vya kwenu na maziwa yaliyogandishwa. Sikuwahi kujisikia mpangaji. Hata nilipochelewa kukulipa, wewe ndiwe uliyekuwa ukinikwepa ili nisione haya.

Wanunuzi wa nyumba walikuwepo hata wakati huo. Ulichoka kuwafukuza, ukamwomba baba watoto aandike ukutani kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hakiuzwi: PARSELE HII HAIUZWI. Kila mvua ilipoyafifisha yale maneno ulimletea kopo na brashi, naye aliyapaka upya huku ukimsimamia na kumwambia herufi ya R imelala.

Kisha vita vikaingia mjini. Siku zile za mabomu tulilala sote kwenye korido yako, godoro kwa godoro, na wewe ukawa unaomba kwa lugha ya kwenu ili watoto wasielewe unaomba nini. Milio iliponyamaza, ukimya wenyewe ulinitisha zaidi. Jirani wa kushoto alitoweka na watu wake wote. Tukaambiwa amekwenda Uganda. Geti lake likawekwa kufuli jipya, na siku chache baadaye kulikuwa na mtu ndani anayepiga nyundo.

Wewe hukuyatazama hayo. Ulikuwa unatazama simu, kwa sababu binti yako wa Masisi alikuwa amenyamaza.

Nilikusihi. Nilikuambia njia si nzuri. Ulinijibu, "Mutoto wangu hajibu, na mimi nikae hapa nalinda matofali?" Ukanipa funguo za vyumba vyako. "Mutu akikuja na jina langu, umwambie mimi mwenyewe niko na mudomo." Asubuhi ukapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, kwenda Masisi, na kitenge chako cha kijani chenye ndege, goti lako bovu umelinyoosha pembeni kama mpini. Watoto walikimbia nyuma yako mpaka kona.

Ulipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza ulilalamika kuhusu vumbi. Mara ya pili ulisema bado hujamfikia binti yako, na kwamba watu wa huko wanauliza sana juu ya Goma, juu ya nyumba, nani anakaa nani hakai. Mtandao ukakatika kabla sijakuuliza ni watu gani.

Kisha bwana mmoja nisiyemjua alikuja mchana, jua kali, na komisioneri wetu nyuma yake. Koti zuri, viatu safi. Alinisalimia kwa jina langu kabla sijamwambia.

"Wewe njo mupangaji?"

"Njo mimi."

"Usiogope, mama. Hii parsele nilinunua, lakini wewe utabakia. Hakuna mwenye atakufukuza."

Alizunguka uani akigonga kuta kwa vidole na kusikiliza. Hakuuliza kama maji yanafika. Hakuuliza kama paa linavuja. Aliuliza kama una watoto wa kiume, wako wapi, na kama huwa wanapiga simu. Nikasema sijui. Akasimama mbele ya Gaju.

"Yule mama alikuwa mutu wa heshima."

"Ako mutu wa heshima," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akatabasamu. "Ni vile unasema, mama."

Alikuwa ameleta kontra, mkataba mpya wa kupanga, tayari ina majina yetu. Kodi ilikuwa chini sana kuliko ile tunayokulipa wewe, na hakutaka garanti hata kidogo. Alichotaka ni sinyatire tu, sahihi yetu ya kukubali kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Baba watoto akamjaribu. Akasema tungependa kuanza kulipa baada ya miezi kadhaa. "Hakuna shida." Akasema choo kijengwe upya. "Hakuna shida." Akasema tupewe na chumba cha mbele. "Hakuna shida, papa."

Nikamuuliza, "Mama alikuuzia wapi?"

"Masisi."

"Siku ile alikuwa amevaa namna gani?"

Komisioneri alishusha macho. Yule bwana hakukasirika, Mama. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Kitenge ya kijani, iko na ndege ndege. Na goti ilikuwa inamusumbua sana. Tulimusaidia kushuka."

Nimelala na kuamka na maneno hayo. Tulimusaidia kushuka. Nani na nani? Kushuka kutoka wapi, kwenda wapi? Yule bwana akaiacha kontra juu ya cherehani yangu, akasema atarudi kuichukua siku ya Jumapili.

Komisioneri alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu. "Mama, tia sinyatire," alinong'ona. "Ile nyumba ya pembeni walikatala kutia. Mimi niko na watoto."

"Si walikwenda Uganda?"

Aliondoka mbio, kamba bado inaburuta chini.

Tulikwenda kwa mzee wa mtaa. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakutukaribisha ndani. "Siku hizi kila mutu ako na karatasi yake," akasema, na kufunga. Baba watoto alirudi akisema sinyatire ni wino tu, tusaini, tukae, watoto wasihame tena. Alikuwa na haki ya kuchoka. Tumehama kutoka Munigi, tumelala kwenye korido. Nikamuuliza, "Mama akirudi, akute majina yetu chini ya jina la yule, atasimama wapi?" Akachukua kopo la rangi, akatoka, akaandika upya ukutani, herufi kubwa kuliko zile za zamani.

Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe. Haukuwa umepakwa ovyo. Aliyefanya kazi ile alipaka mara mbili, akaizunguka mita ya umeme vizuri asiichafue. Hakuwa na haraka wala hofu ya kuonekana. Ndipo nilipojua kwamba hatutalala pale tena.

Tuliondoka kabla ya Jumapili. Kontra niliiacha pale pale bila sinyatire. Nilibeba cherehani, sufuria zako, miwani yako ya pili na picha ya marehemu mzee wako. Kitanda chako kilitushinda. Nisamehe kwa hilo.

Sasa tuko kwenye chumba kimoja, mahali nisipopataja. Mwenye nyumba hapa ni mtu mwema, lakini juzi nilimwona akizungumza getini na mtu mwenye viatu safi, na tangu hapo hanitazami usoni. Watoto wanauliza utakuja lini. Mdogo ameacha kuuliza.

Mama, kama uliuza kwa hiari yako, nitumie neno moja tu. Nitafurahi. Nitamfuata yule bwana nimwombe radhi, na wewe nitakugombeza kwa sababu hukubishana bei. Naomba iwe hivyo. Kila siku naomba iwe hivyo.

Lakini kama hukuuza, na kama Mungu amekulinda, na miguu yako bado inatembea, basi unisikie vizuri. Najua yule bwana naye anaweza kuisoma barua hii. Asome. Utakapofika mjini, usiende Murara. Usisimame mbele ya ule ukuta mweupe. Usibishe hodi kwenye nyumba yako mwenyewe, wala usimwambie yeyote pale kwamba ni yako. Pita kama mgeni. Kuna mama mmoja aliyetupa maji siku ile ya risasi, mimi na wewe tu ndio tunaomjua. Nenda kwake ukae. Atanitumia mtu, nami nitakuja kukuchukua, nikushike mkono kwa sababu ya goti lako.

Mimi, binti yako wa vyumba vya nyuma