Miguu Niliyosema Nimeibonyeza

Kaka, leo asubuhi nimemwambia nesi kwamba mimi nikimtupia mtoto jicho moja tu, najua kama kwao wanakula.

Usicheke kwanza. Niko nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kukaa siwezi, kusimama siwezi.

Tulikuja kupima utapiamlo wa wanafunzi. Kazi yangu ni kumvua mtoto viatu na kumbonyeza miguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, huo ni uvimbe wa lishe mbovu, anapelekwa hospitali leo leo.

Akaja binti wa darasa la kwanza, mashavu utadhani anapuliza moto. Nikamwambia, "Bosi, wewe pita, kwenu mnawamalizia wenzenu chakula." Watoto wakacheka. Nikaandika: hana uvimbe.

Sikumgusa. Kaka, sikumgusa kabisa.

Alipofika kwa nesi akasinzia amesimama. Nesi akamkalisha, akamvua viatu, akabonyeza. Shimo likabaki vilevile, ungeweza kulaza kidole humo.

"Huyu ulimbonyeza?"

Nikasema nilimbonyeza. Sijui mdomo uliitoa wapi hiyo.

"Miguu yote miwili?"

"Yote, sista."

Kumbe dada yake wa darasa la nne yuko nyuma yangu. Hata sauti hakupandisha.

"Mjomba, viatu siku hizi vinambana, havifungiki. Asubuhi nilimfungia kwa kamba, nikapiga fundo mara tatu. Nesi ndiye amelifungua sasa hivi."