Ngege wa Jumatano

Jumatano usiku, mwaka wa pili wa Uhuru

"Mwanamume akishika mwiko, boma lake limekwisha." Basi, langu limekwisha leo jioni, na kaka yangu mkubwa, Makokha, mwenye maneno hayo, ameramba vidole vyote!

Alitumwa na ndugu zetu kumtaka mke wangu, Rispa, aache masomo yake ya jioni, eti kila Jumatano nalala njaa. Nikamwambia aketi, atakula.

"Nani amepika? Mwanamume hapikangi."

Nilimpaka ngege chumvi na ndimu, nikamfunga kwa jani la mgomba, nikamweka ndani ya sufuria juu ya makaa, na makaa mengine nikayapanga juu ya kifuniko. Nakiri niliogopa. Samaki akiungua, ukoo mzima ungemlaumu Rispa, si mimi, na masomo yangekuwa yameishia hapo.

Nilipofungua jani, nyama iliachia mifupa yenyewe. Nikapakua na ugali.

"Obusuma yako ina mabonge," Makokha akasema.

"Na samaki?"

Alikuwa ananyonya kichwa.

Rispa aliporudi na vitabu vyake, alikuta kipande chake kimefunikwa mezani. Makokha alinawa mikono polepole. "Shemeji," akasema, "wewe soma tu. Huyu hatakufa njaa."

Miaka yote nimebishana naye kwa maneno na sijamsogeza hata kidogo!

Ninyi ndugu zangu mliomtuma: Jumatano ijayo ingieni jikoni, wake zenu waende darasani.