Maji ya Vyombo kwa Namba Saba

Jumapili, 3 Agosti

Daftari hili kaliacha mwanangu wa mwisho, kurasa nyingi hazijaguswa. Mimi kuandika nimezoea barua tu, basi naanza kama barua. Mama mkwe hajambo, ila magoti. Baba watoto hajambo, yuko safarini na lori lake. Shemeji na mkewe kule mchangani hawajambo. Mwanangu wa kwanza, mtaalamu wa miwa, hajambo ila amekonda. Wa mwisho hajambo, anakula kwa wawili. Na mimi mzima — mawazo tu.

Mvua hakuna. Miwa ya majaribio inajikunja majani. Aina kumi na mbili, kila aina na mistari yake minne na kigingi chenye namba. Aina hizohizo ziko bondeni kwenye maji, ziko mchangani kwa shemeji, ziko na hapa kwetu kwenye changarawe. Siku ya kupanda mwanangu alinieleza: Mama, hatutafuti muwa unaoshinda mahali pamoja, tunatafuta usiotuangusha popote. Nikamwambia, kama mtoto mwenye adabu nyumbani na ugenini. Akacheka mpaka akakaa chini.

Sharti akaniachia moja. Hakuna kumwagilia. Ukikauka uache ukauke, hilo nalo ni jibu.

Namba saba iko mlangoni mwa jiko. Nikiosha vyombo naiona, na kuiona ikiteseka siwezi.

Jumatano, 20 Agosti

Mama mkwe kazi yake kukaa kibarazani na kuniangalia. Leo kaniambia: Mkwe wangu, huo muwa unaoga kuliko mimi.

Nikamjibu ni maji machafu tu, mama, nayamwaga kama siku zote. Akasema haya.

Lakini siku zote nilimwaga kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Tangu Juni ndiyo nimegeukia huku. Beseni la vyombo asubuhi na jioni, la nguo Jumamosi. Maji ya vyombo si kumwagilia — ndivyo ninavyojiambia. Nina mikono, nina maji, kitu kinakufa mlangoni. Nifanyeje?

Alhamisi, 11 Septemba

Wamekuja. Mwanangu na mkubwa wake wa kazi, sisi tunamwita Miwani. Wamehesabu mashina, wamepima urefu, wamekamua tone kwenye kale kadude ka kuchungulia utamu. Namba tatu nusu imekufa. Namba tisa iliyokuwa ikitamba bondeni, hapa imekuwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Namba saba imesimama wima, kijani, nene.

Miwani kaizunguka mara mbili. Kasema ana miaka minne anatafuta muwa kama huu. Bondeni mzuri, mchangani mzuri, na kwenye changarawe pia.

Mwanangu kanishika mkono kwa nguvu, kama zamani tukivuka barabara. Kumbe ni yeye aliyeitetea namba saba tangu mwanzo, wenzake ofisini wakamcheka, wakamwita Bibi Saba. Miwani kamwambia mbele yangu: Bibi Saba, sasa zamu yako ya kucheka.

Mimi nimesimama na beseni. Nikalipeleka nyuma ya mgongo. Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka, kilichotoka ni: Mtakunywa chai?

Ijumaa, 12 Septemba

Shemeji kapiga simu, furaha tupu. Jumatatu analeta trekta, anang'oa miwa yote ya shamba lake la juu, apande saba. Shamba la juu ni changarawe kama hapa. Watoto sita wanakula shamba lile.

Nikamwambia asubiri mvua kwanza, shemeji. Akanicheka. Mvua ya nini, si ndiyo sifa yake? Kama kwako imestahimili, shemeji, kwangu itanenepa.

Mama mkwe alikuwa anasikia. Kasema: Mwambie mwanao.

Nikasema nitamvunja moyo, mama. Na kazi watamfukuza, watasema kapanda kwa mama yake makusudi.

Mama mkwe kasema: Na huyo mwanangu mimi, na watoto wake sita?

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefua. Maji nimeyapeleka kwenye mfereji. Tangu juzi saba haijapata tone.

Majani yameanza kujikunja.

Jumapili, 14 Septemba

Kesho saa nne mwanangu anatia sahihi karatasi ya kuipitisha namba saba ipandwe kila mahali, wakulima wote wamealikwa. Leo yuko njiani na akina Miwani. Simu yake haipatikani. Nimepiga asubuhi, nimepiga nikipika, nimepiga tena. Ya shemeji inaita, hapokei, labda yuko na mtu wa trekta.

Nimetoka na beseni la vyombo, nikasimama katikati, huku mfereji, huku saba. Mama mkwe ananitazama tu, leo hana utani. Nimelirudisha ndani na maji yake.

Ujumbe nimeuandika mara tano nikaufuta. Wa sita nimeutuma, simu inasema haujafika. Naunakili hapa, nisije kesho nikajidanganya kwamba sikuwa na maneno:

Mwanangu, mama yako hajambo, bibi yako hajambo, mdogo wako hajambo. Namba saba nilikuwa nainywesha. Kila siku tangu Juni, maji ya vyombo. Hukujua, na mkubwa wako mwambie hukujua. Usitie sahihi. Mwambie baba mdogo asing'oe. Nigombeze utakavyo, lakini nijibu, mwanangu, nijibu upesi.