Kisagio cha Marehemu na Kopo la Vifungo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi nipe yangu tuendelee, maana nimekuja na jambo ambalo nikimwambia mtu ana kwa ana atacheka, nami sina hali ya kuchekwa. Naomba unisaidie kuchagua kisagio cha kahawa. Najua wewe kazi yako ni mambo ya ndoa, lakini nivumilie, utaona ndoa inapoingilia.

Mimi ni mshona mapazia, nafanyia kazi nyumbani, chumba cha nyuma, na mume wangu ni kinyozi. Tumeoana tukiwa watu wazima wote wawili, mimi nimeachika zamani na yeye amefiwa na mke, na kusema kweli sina la kumlalamikia, si mlevi, si mkali, akirudi jioni anafagia nyuzi chini ya cherehani yangu bila kuombwa. Siku ya harusi kaka yangu, ambaye ni fundi wa mashine za jikoni za mahotelini, alituletea zawadi ya mashine ndogo ya espreso aliyoifufua kwa mikono yake, kwa sababu anajua kahawa ndiyo ugonjwa wangu, hasa ile nzito ya kikombe kidogo yenye povu la rangi ya asali juu, niliizoea nilipokuwa nashona mapazia ya hoteli moja na wahudumu wakawa wananionjesha. Sasa mashine ipo, lakini kahawa lazima isagwe, na kisagio kilichokuwemo nyumbani ni cha mkono, cha kuzungusha, na ni cha marehemu.

Kiko juu ya rafu kando ya dirisha, palepale alipokiacha, na mume wangu huamka kabla yangu kila asubuhi akasagia hicho hicho, nami niko kitandani namsikia, anasaga, ananyamaza, anasaga tena muda mrefu, mpaka najiuliza hapo katikati huwa anamkumbuka nini. Na kahawa yenyewe bado haitoki sawasawa, inachuruzika haraka kama maji ya bomba, povu jembamba, ladha chachu. Kaka alishatuambia tangu siku anaiweka mashine, alikigeuzageuza kile kisagio akasema hiki kilitengenezwa kwa kahawa ya kuchemsha, meno yake yanacheza, akamtania mume wangu, "Shemeji, kwa hiki utasaga mara mbili ndiyo kitu kieleweke," wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nangoja mume wangu aseme basi tutanunua kingine, na hakusema.

Mdomo wangu nao ukawa mzito. Utamwambiaje mtu kwamba kitu cha mke wake aliyekufa hakifai? Binti yake, mkubwa tu, anajitegemea, siku moja alinikuta nakihangaikia akasema taratibu, "Mama mdogo, kikaze hapo juu kabla hujamimina buni, mama alikuwa anafanya hivyo." Mshauri, yale maneno yalinichoma, niliona nimeambiwa kwamba hata kahawa ya nyumba hii ina mwenyewe.

Basi nikafanya kosa la kwanza, nikanunua kimyakimya kimashine cha umeme, kile cha visu chenye umbo la bilauri, nikakificha ndani ya kapu la vitambaa, na mume wangu akishaenda saluni nasagia humo, kinapiga kelele nyumba nzima na kinachotoka ni nusu vumbi nusu changarawe, kahawa inakuwa chungu na chachu kwa pamoja, siku nyingine mashine inaziba kabisa. Jirani yangu, mama anayepigia watu pasi, ndiye pekee niliyemweleza, naye akanishauri bila hata kuinua macho kwenye shati la mtu: "Kiangushe. Kikivunjika atanunua kingine, marehemu hatakuja kukudai." Nilimwambia aache maneno ya kijinga, lakini maneno yenyewe yakanikaa.

Kukiangusha nilishindwa, mkono ulikataa. Nilichofanya ni kufungua kile kishikio cha mbao kilicho mwisho wa chuma cha kuzungushia, kinafunguka kama kifuniko cha chupa, nikakitumbukiza kwenye kopo langu la vifungo, nikajiambia akiona hakishikiki atasema kimekufa. Alikitafuta chini ya jiko, nyuma ya ndoo, akamulika na simu, akaniuliza, "Bibie, hukukiona kile kishikio?" nami, Mungu anisamehe, nikamjibu labda nimekifagia. Halafu akaja chumbani kwangu kwa kazi, akaomba ukanda wa pazia uliobaki, akauviringisha kwenye kile chuma kilicho wazi, na asubuhi yake nikasikia tena, anasaga, ananyamaza, anasaga. Sasa ana lengelenge kiganjani, palepale anaposhikia mkasi, na jioni anasugua kiwiko akidhani simwoni.

Na la kuniumiza zaidi, kahawa yenyewe haimalizi. Anaonja, anaongeza maji ya moto, anaacha nusu, na mteja wangu mmoja ambaye mumewe hunyolewa pale aliniambia kwamba mume wangu akifika saluni jambo la kwanza ni kuagiza chai. Yaani kisagio hakiachi na kahawa yangu haimpendezi. Nimekuwa mke mwenza wa mtu aliye kaburini, na yeye ndiye bi mkubwa. Nampenda huyu mwanamume, mshauri, na ninaogopa nikisema ataona nataka kumfuta mwenzangu, na nikinyamaza nitaishi kama mgeni jikoni kwangu mwenyewe mpaka siku nitakapochoka niondoke. Niambie ninunue kisagio gani, na nikiingize vipi ndani ya nyumba.

Ni mimi,
Mshona Mapazia


Mshona Mapazia,

Shikamoo yako nimeipokea, umri wangu tuuache. Nilikuwa nasoma barua yako na kikombe mkononi, nilipofika kwenye kopo la vifungo nikakiweka chini.

Pole. Nasema hivyo kwanza kwa sababu kuingia nyumba iliyopangwa na mwingine si kazi nyepesi, na anayesema ni nyepesi hajawahi kutafuta chumvi kwenye jiko la mtu. Lakini pole yangu inaishia hapo. Wewe ni fundi, unapima kitambaa, unapima tena, ndipo unakata. Kwa mumeo umekata bila kupima. Umekalia kishikio cha mbao ndani ya kopo huku mwenzio anazungusha chuma kwa mkono unaomlisha. Hapana, mama, hilo sikupambii.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama imeandikwa na mtu mwingine. Kaka yako alimwambia nini shemeji yake? Kwa kisagio hiki utasaga mara mbili. Na wewe kitandani unasikia nini? Anasaga, ananyamaza, anasaga tena. Hapo katikati hamkumbuki mtu, bibi wee. Anarudisha unga juu ausage upya, uwe laini, ili wewe upate lile povu lako. Umeniambia pia kahawa haimalizi, anaitia maji, akitoka hapo anakimbilia chai. Huyo ni mtu wa chai. Yeye kahawa haipendi, marehemu hanywi, binti haishi hapo. Anayesagiwa kahawa katika nyumba hiyo ni mtu mmoja tu, naye yuko kitandani ananuna.

Unauliza mbona hakusema tununue kingine. Sijui, sikai kichwani mwake. Lakini mtu wa chai atajuaje espreso inatakiwa itoke vipi, kama mwenye kuijua amefunga mdomo? Yeye amesikia kwa shemeji yake kwamba dawa ni kusaga mara mbili, akaona basi, atasaga mara mbili. Ulimwondolea kishikio, akaja kuomba kitambaa kwako wewe uliyeficha kishikio chenyewe, akaendelea. Mimi nimejibu barua nyingi kuhusu wanaume wasiowapikia wake zao hata maji, na wako umemchanganya na mzimu.

Binti yake naye umemwonea. Angekuchukia angekuacha uhangaike. Amekuita mama mdogo, akakufundisha alichokiona kwa mama yake, na pengine ilimgharimu kumtaja marehemu jikoni humo mbele yako. Mpigie simu umwambie asante. Na jirani yako aendelee na mashati ya watu.

Tuje kwenye kisagio, maana umeomba na nitakujibu. Hicho cha kapuni kisagie viungo. Kisu kinakatakata tu, hakisagi, ndiyo maana unapata vumbi na changarawe. Maji yanakwama penye vumbi, yanakimbia penye changarawe, na wewe unakunywa uchungu na uchachu katika kikombe kimoja. Kwa espreso tafuta chenye meno mawili ya chuma yanayosagana bila kucheza, na kiwe kinakazwa na kulegezwa kidogo kidogo sana. Chenye hatua tatu nne tu za kukaza kiache dukani hata kiwe kizuri kama pete. Vipo vya mkono vinavyoweza kazi hii vizuri, lakini kwa kiwiko ulichokieleza nunua cha umeme. Urembo na taa usivitazame. Nenda na buni zako, omba zisagwe mbele yako, chukua unga kidogo uusugue kati ya vidole. Uwe laini kuliko chumvi ya mezani, lakini usiwe poda. Waambie wakikaze kidogo, wasage tena, na kama vidole vyako vinaona tofauti basi hicho kinakufaa. Muuzaji akikataa kukiwasha, muage kwa heshima. Nyumbani, kahawa ikichuruzika kaza, ikidondoka kwa kusitasita legeza, ikijaza kikombe chako kwa kama nusu dakika acha kukishikashika. Mwende na kaka yako akipata nafasi. Huyo aliwaambia ukweli tangu mwanzo na hamkumsikiliza.

Kisagio cha marehemu hakiendi popote. Kikae rafuni kwake, wageni wakija wanaotaka kahawa ya kuchemsha kifanye kazi yake. Mlikibebesha kazi isiyo yake, halafu ukakichukia kwa kushindwa. Mwenyewe aliyekinunua hakukukosea kitu, na siku utakapomtaja kwa jina mbele ya mumeo bila sauti kubadilika, utagundua jiko ni kubwa vya kutosha.

Lakini dukani si pa kuanzia. Ukianza na duka utakuwa umefunika uongo kwa zawadi, na kopo bado litabaki pale linakutazama kila ukitafuta kifungo. Kesho amka kabla yake. Kitoe kishikio ukiweke mezani mahali atakapokiona. Akiingia, mwambie kwa mdomo wako kilikuwa wapi, nani alikiweka na kwa nini, pamoja na hicho kimashine cha kapuni. Usijifanye umekiokota nyuma ya ndoo. Nakujua, umeshaliwaza hilo. Akinyamaza mwache anyamaze. Akikasirika ana haki, usilie mpaka yeye ndiye abembeleze. Kisha mshike huo mkono, lifunge lengelenge, mwambie leo hasagi mtu.

Halafu muulize swali ambalo, kwa barua hii, hujamuuliza hata siku moja tangu mashine iingie ndani: yeye asubuhi anapenda kunywa nini. Jibu tunalijua mimi na wewe, kwa hiyo uwe umeshabandika maji ya chai.