Upande wa Pili wa Kibali cha Babu

Ndama, Karagwe
24 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mackrine,

Shikamoo. Naomba magoti yawe yameanza kukutii, na baridi ya Songea isikuzuie kwenda misa ya asubuhi. Huku sote ni wazima wa mwili. Baba anaendelea kuanika kahawa, na migomba ya upande wa chini imepona mnyauko. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu nyumbani hapa inasikilizwa na kila mtu.

Nianze na maana ya neno, maana ndipo nilipojikwaa. Chanzo cha awali ni kitu kilichoachwa na mtu aliyekuwepo jambo lilipotokea, akikifanya kwa haja zake za siku ile, bila kujua kwamba sisi tungekuja kumhoji.

Likizo hii walimu arobaini wa historia wa Karagwe na Kyerwa tunafundishwa kwa mtandao namna ya kumfanya mwanafunzi avihoji vyanzo hivyo mwenyewe. Kila mmoja alitakiwa kuleta kitu cha nyumbani kwake. Mimi nilitoa kwenye sanduku la Baba kibali cha mwaka 1959 kilichomruhusu Babu Yustus kupanda mibuni hapa. Nikaeleza muhuri, wino, na cheo cha aliyetia saini. Nikajiona nimemaliza.

Mwezeshaji wetu, Bi. Ummy, ana sauti ya upole lakini hapitwi na kitu. Akauliza, “Na nyuma ya karatasi, Mwalimu Deodatha?” Nikaigeuza mbele ya kamera kabla ya kuisoma. Kosa hilo nisingemsamehe mwanafunzi wa kidato cha pili. Wote wakasoma pamoja nami mwandiko wa Babu: “Kibanja ni cha Niyigena, mukago wangu. Amekwenda kuwatafuta wazazi wake. Nakitunza hadi arudi, au waje wanawe. 1961.”

Mwalimu Adelard wa Kihanga akapasua kicheko. “Dada, anza kufunga mizigo!” Nikazima kamera.

Wewe wayajua ya mukago kuliko mimi: wanaume wawili wakitafuna buni zilizopakwa damu zao, wamekuwa ndugu, na ndugu wa namna hiyo hawaandikiani. Neno linatosha. Kwa hiyo Babu hakumwandikia Niyigena. Alituandikia sisi.

Baba nilimwonyesha jioni ile ile. “Rudisha sandukuni,” alisema. “Sikukusomesha ili uje unihamishe uzeeni.” Tangu hapo hanisemeshi, hata chumvi huiomba kupitia kaka Novatus, nami nimekaa karibu nayo. Tarehe 12 Julai wazee wa ukoo wanakuja kutugawia kibanja hiki, nyumba na shamba lake. Ni haki nikuambie kwamba na mimi nimetengewa sehemu, ile ya juu, penye mibuni mikubwa.

Kazi yangu inatakiwa Ijumaa, tarehe 4 Julai. Nikiwasilisha pande zote mbili, nimekuwa shahidi dhidi ya baba yangu. Nikiwasilisha mmoja, walimu wenzangu wote wanajua nilichoficha, kisha nirudi shuleni kwangu Kaisho kuwafundisha watoto uaminifu wa ushahidi. Nikijitoa kwenye mafunzo, maandishi hayafutiki. Nimezipima njia hizi siku tisa, na sijaona ya nne.

Babu alipoandika, Baba alikuwa na miaka minne. Wewe ulikuwa na kumi, na hakuna mwingine aliyebaki. Je, Niyigena alirudi? Alikuwa na watoto? Kuna aliyewahi kuja kuuliza? Niandikie kwanza uliyoyaona, kisha uliyoyasikia, na usiyachanganye ili kunituliza. Barua hii naituma kwa basi kesho. Jibu nalo lipitie njia hiyo hiyo, kwa jina langu peke yangu.

Msalimie Gosbert na wanawe, na Ainembabazi aliyejifungua juzi. Mungu aliyekutunza mbali na kwenu miaka yote hii asichoke nawe.

Limebaki moja ambalo hata ushahidi wako hautalimaliza: kama Niyigena na wanawe wote hawapo tena duniani, ahadi ya Babu imekwisha, au sasa inatudai sisi?

Binti wa kaka yako, akupendaye,
Deodatha